Pigo la Tatu

Mgeni njoo, mwenyeji apone: hayo husemwa na watu ambao mgeni wao alikuja kwa miguu. Kijijini Lefuga mgeni alikuja na magari meupe kumi na mawili, na mwenyeji akang'oka meno matatu.

Meno yalikuwa ya Penitala. Usukani siku hiyo ulikuwa wa mkewe, Moelagi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja mwenye mikono ya mchimba mitaro na ulimi wa kuifaa mikono hiyo. Zamani Penitala aliliendesha lori lile mwenyewe, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla mguu wa kulia. Tangu hapo alikaa kiti cha pembeni na orodha ya mizigo mapajani, mkewe akakanyaga mafuta. Kazi ilibaki ile ile. Meli ya Auckland ikitia nanga Apia, walipakia mapipa na maboksi ambayo ndugu wa ng'ambo wamewajazia wa nyumbani, wakayafikisha pwani ya kusini mlango kwa mlango, ingawa nyumba za huko hazina milango wala kuta.

Kisha yakaja magari meupe. Walikotoza wao tala kumi na tano kwa pipa, wageni walitoza nane. Mwenye mzigo aliweza kuona kwenye simu boksi lake limefika kona gani. Na kabla ya kusafirisha hata boksi moja, wageni walikuwa wamekwenda kwa mzee Vaifale, msemaji wa baraza la kijiji, wakakodi uwanja wa mbele ya nyumba yake kuwa maegesho, wakaliletea kanisa mifuko mia ya saruji.

Saruji ile ilinunua kitu ambacho hakijawahi kuuzwa Lefuga. Kila jioni mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa kando ya kanisa hugongwa mara tatu. Mara ya kwanza: ingieni ndani. Mara ya pili: sala imeanza, barabara imekufa. Mara ya tatu: amina, endeleeni na maisha yenu. Kati ya mlio wa pili na wa tatu hata mbwa hapiti, na vijana wasio na vyeo husimama barabarani na fimbo. Gari lisilosimama hula mawe. Gari la wagonjwa peke yake hupita.

"Na hayo meupe yatapita," Vaifale alitangaza barazani. "Yanabeba vitu vya watu vya haraka. Ni sawa na gari la wagonjwa."

Wanawake waliokuwa wakichambua mwani kando walisikia.

"Mgonjwa ni nani humo?" mmoja aliuliza.

"Boksi," alijibu Moelagi. "Lina homa."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kicheko kile kilipelekwa kwa Vaifale kabla chai haijapoa.

*

Jumamosi ya kuamkia Jumapili Nyeupe, meli ilichelewa kupakuliwa. Jumapili hiyo ni ya watoto: husimama mbele ya kanisa wakisema mistari yao ya Biblia, wamevaa nyeupe toka shingoni hadi miguuni, na nguo hizo mara nyingi hutoka ng'ambo. Moelagi alikuwa na mapipa kumi na manne ya kijiji cha Utumoa, yote yakiwa na nguo za watoto, na simu ya mwanamke mmoja, Naoupu, ilikuwa imelia mara tatu tangu asubuhi.

"Dada Moe, umeondoka?"

"Bado napakia."

"Wenye magari meupe wamesema watafika saa kumi na mbili na nusu. Mimi nimewaambia kina mama, tumpe Moe, tumezoeana. Usinivue nguo mbele ya watu."

"Nitafika."

"Usipofika leo, dada, hatutakuita tena. Si mimi ninayesema. Ni wao."

Utumoa hufikiwa kwa kuvuka mlango wa mto, na mlango huo maji ya bahari yakijaa haupitiki. Jioni ile yangejaa saa kumi na mbili na nusu kasoro kidogo. Penitala alikuwa ameandika saa hiyo juu ya orodha na kuizungushia duara mara mbili.

Bandarini, kijana mmoja wa magari meupe aliegemea mlango wa gari lake akila chapati ya kukaanga, akawatazama Moelagi na mpakiaji wakilisukuma pipa la mwisho.

"Mama, hilo ni lori au jiko? Moshi wote huo!"

"Jiko, mwanangu. Panda nikukaange."

"Nikipanda tutafika Krismasi."

"Utafika umeiva."

Wapakiaji waliangua kicheko. Penitala naye alicheka, akionyesha meno yake yote. Alikuwa na meno mazuri Penitala, makubwa na meupe. Wakati wa kuposa ndiyo aliyokuja nayo, maana kingine hakuwa nacho.

*

Waliingia Lefuga saa kumi na mbili na dakika tano, na mtungi ulikuwa umekwisha kulia mara ya pili. Moelagi alisimamisha lori mbele ya kamba iliyofunga barabara. Kwa miaka ishirini na sita, tangu aolewe kijijini hapo, hakuwahi kuivunja sala.

Aliyeshika kamba alikuwa Malaki, mtoto wa Vaifale, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye mabega mapana, kifua wazi, lavalava, shuka ya kiunoni, imefungwa juu juu. Nyuma yake walikuwepo wengine wanne.

"Malaki, mwanangu," Moelagi alisema kwa sauti ya chini, kama inavyopasa. "Maji yanajaa. Nina nguo za watoto. Nipishe."

"Sala, mama."

"Najua ni sala. Nakuomba."

"Ukisali na wewe hutapungukiwa." Wenzake walicheka puani. "Una mdomo wa kuchekesha, wanasema. Utumie kusali."

Penitala alimgusa mkewe mkono. "Tungoje, Moe. Dakika ishirini."

"Dakika ishirini ni maji ya kifua."

Kila upande nyumba zilikuwa wazi, taa zimewashwa, jamaa nzima zimepiga magoti juu ya mikeka. Wimbo ulianzia nyumba moja ukapokewa na nyingine. Ndipo honi ikalia nyuma yao. Lilikuwa gari jeupe, na usukanini yule wa chapati.

Malaki alipiga hatua hadi dirishani kwa Moelagi, akagonga mlango kwa fimbo.

"Sogea, mama. Rudi nyuma uwapishe."

"Nirudi nyuma?"

"Umeziba njia."

Akarudi nyuma. Alikata usukani, akaliingiza lori la tani tatu kwenye majani hadi gurudumu likakaribia mtaro, ili gari jeupe lipite. Kamba ilishushwa. Yule kijana alipunga mkono kama mtu anayepita arusini. Nyuma ya gari, kupitia kioo, Penitala aliyaona mapipa ya buluu na jina la Utumoa kwa chaki.

Moelagi alitia gia, akatoka majanini, akaivuka kamba ikiwa bado chini, nyuma kabisa ya bampa la gari jeupe.

Jiwe la kwanza liligonga ubavu. La pili lilitoka mbele, mkononi mwa Malaki aliyekuwa amekimbia kukata kona, likapasua kioo cha mbele likatua mdomoni kwa Penitala.

Hakupiga kelele. Alitoa mlio mdogo wa mtu aliyemeza kitu kisichomezeka, akainamia orodha yake, na damu ikaanza kufuta majina.

Moelagi alikanyaga breki. Chini ya kiti ilikuwepo spana ya magurudumu, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Alishuka nayo.

Malaki alikuwa ameshaokota jiwe jingine. Labda hakuamini kwamba mwanamke angeshuka. Spana ilikipata kiganja, na mfupa ulisikika juu ya wimbo. Jiwe likaanguka. Pigo la pili lilitua begani, akaenda chini kwa goti, kisha kwa mgongo, akainua mkono mzima mbele ya uso.

"Basi, mama! Basi!"

Alimpiga la tatu. Taya lilihama mahali pake.

Wenzake wanne walisimama na fimbo zao wasijue la kufanya nazo. Na nyumba zote zilikuwa wazi. Kulia na kushoto watu waliona, wazee kwa watoto, na hakuna aliyeinuka, kwa maana ilikuwa sala. Mama yake Malaki mwenyewe alikuwa magotini, macho yamemtoka, mdomo ukiendelea na ubeti. Kijiji kizima kiliimba mpaka mwisho. Mtungi ulipogongwa mara ya tatu, ndipo mayowe yakaanza.

Lori halikuvuka mto jioni ile.

*

Jumapili Naoupu alikuja mwenyewe na gari la kukodi, akiwa na vijana wawili wa kubeba mapipa. Hakuingia ndani. Alisimama uani akiyahesabu kwa kidole.

"Mwanangu amesimama mbele ya kanisa na fulana ya raga," alisema. "Nyeusi. Amelisahau fungu lake, akalia."

"Naoupu, umemwona Penitala?"

"Nimesikia. Pole." Akatazama pembeni. "Nauli ya gari hili nimelipa mimi, kwa hiyo za mapipa sitoi."

"Sijakudai."

"Nasema tu."

Alipoondoka alikuja Sautia, kaka yake Penitala, mwenye cheo cha ukoo. Alikuwa angali na koti lake jeupe la kanisani. Aliketi mkekani, akakataa kakao, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye misiba.

"Malaki amefungwa waya tayani. Anakunywa kwa mrija."

"Na mdogo wako?" Moelagi aliuliza. "Yeye anakunywa kwa nini?"

Penitala alilala kwenye mto, uso umevimba hadi jicho la kushoto limefunga.

"Baraza limekaa," Sautia aliendelea kama hakusikia. "Umevunja sala. Umemwaga damu ya mtoto wa msemaji. Kesho alfajiri tutakwenda kwa Vaifale, ukoo mzima, tukae chini ya mkeka kuomba radhi. Akitufunua, yamekwisha. Tusipokwenda, au asipotufunua, mtahama Lefuga kabla jua halijazama. Lori litachomwa, na nyumba pia."

"Na jiwe je? Jiwe litakaa chini ya mkeka wa nani?"

"Shemeji, jiwe lilirushwa wakati wa sala. Hilo ni jiwe la sheria."

"Kumbe meno nayo yana sheria."

"Wewe umeolewa hapa!" Sautia alipandisha sauti, akaishusha, akatazama kama jirani wamesikia. Walikuwa wamesikia, nyumba hazina kuta. "Wewe ni mtu wa kuja. Ukifukuzwa utarudi kwenu Savai'i kwa kaka zako. Penitala amezaliwa hapa. Kaburi la baba yetu liko pale, unaliona. Yeye atakwenda wapi?"

Penitala alinyoosha mkono juu ya mto. Maneno yalimtoka yakiwa na upepo, kama yanapita kwenye paa bovu.

"Omba, Moe. Nina mguu mmoja. Nitahamia wapi?"

Moelagi akainuka, akaenda kwenye sanduku lake, akatoa mkeka mwororo ambao mama yake aliufuma miaka miwili, mwepesi kama kitambaa, wenye manyoya mekundu kwenye pindo. Ndio aliokuja nao siku ya kuolewa. Hakuwahi kuutoa hata alipozikwa mkwewe.

"Tutatumia huu," alisema. "Sitaki kuazima."

Jioni, akiwa anamlisha mumewe supu kwa kijiko kidogo, alimwambia kitu ambacho hakumwambia Sautia.

"Lile la tatu, Peni. Alishasema basi."

Penitala alimeza kwa taabu. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi kesho umwambie hilo."

"Nitamwambia hilo."

*

Alfajiri walikuwa kumi na mmoja mbele ya nyumba ya Vaifale, kwenye changarawe, kati ya safu mbili za magari meupe. Lori walikuwa wameliacha barabarani. Wameinama, wamekaa. Mkeka ulimfunika Sautia mbele, na Moelagi na Penitala nyuma yake. Chini ya mkeka kulikuwa na harufu ya mafuta ya nazi ya mama yake, na pumzi ya mumewe iliyonuka dawa. Penitala hakuweza kukunja mguu usiokuwepo. Alikaa kiupande, amejishikilia kwa mikono.

Walingoja. Jogoo waliwika wakachoka. Mtu alipita nyumbani akachungulia, akarudi. Walisikia Vaifale akisukutua mdomo, akatema.

Moelagi alikuwa na maneno yake tayari. Aliyapanga kinywani kama mtu apangaye mayai kwenye kikapu. Malaki, ulisema basi, nami sikuacha. Kwa hilo nakuomba radhi. Maneno tisa. Yalimchoma, lakini yalikuwa ya kweli, na la kweli mtu anaweza kulisema hata akiwa chini.

Mlango wa gari ulifunguliwa, kisha mwingine. Injini ikanguruma, na moshi ukaingia chini ya mkeka. Madereva walikuwa wamefika kazini. Honi ikalia mara moja, fupi, kwa adabu kiasi.

"Mzee!" Sauti ilikuwa ya yule wa chapati. "Hawa watu wako njiani. Tuna mizigo ya saa mbili!"

Kwa mila ya huko, mtu aliye chini ya mkeka haguswi na hasogezwi. Mvua ikinyesha atalowa hapo, jua likiwaka ataungua hapo. Kuna wazee waliosimuliwa kwamba walikaa siku mbili. Nyumba nzima ya jirani ilikuwa imenyamaza ikisikiliza Vaifale atajibu nini.

"Songeni kidogo," alisema Vaifale kutoka barazani. "Upande huu wa ukuta wa ua. Magari yanachelewa."

Mgongo wa Sautia ulikaza. Moelagi aliuona, karibu na uso wake, koti jeupe likitanuka kwa pumzi. Akangoja shemeji yake aseme kitu. Sautia alisonga. Alisogea kwa matako, kidogo kidogo, na ukoo ukasogea naye, na mkeka ukaburutwa. Penitala alijaribu kujisukuma kwa mguu mmoja. Kiganja kikateleza kwenye changarawe akaenda kifudifudi, na kidonda cha mdomo kikafunguka. Tone la damu lilianguka kwenye manyoya mekundu lisionekane.

"Haraka kidogo, wazee," alisema dereva.

Moelagi alisimama. Aliushika mkeka kwa pembe mbili akauvuta, na vichwa viwili vikabaki wazi kwenye mwanga wa asubuhi, vimepigwa na butwaa. Mkeka hufunuliwa na mwenye nyumba. Hakuna aliyewahi kumwona mkosaji akijifunua mwenyewe.

"Keti, mwanamke!" Sautia alimnong'oneza. "Keti, utatuua!"

Hakuketi. Aliukunja mkeka mara mbili, mara nne, akauweka begani, kisha akamshika Penitala chini ya makwapa.

"Nipeleke kwenye lori," Penitala alisema, damu kidevuni.

Alimbeba kama alivyombeba kila siku, akapita mbele ya gari la kijana wa chapati, ambaye safari hii hakupiga honi. Alimpandisha kitini. Kioo cha mbele hakikuwepo. Halafu akarudi uwanjani, mpaka chini ya baraza, alipokuwa Malaki ameketi kwenye kiti cha plastiki na mkono kwenye plasta, waya ukimetameta kati ya midomo.

"Mama," Vaifale alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye subira. "Umepandwa na hasira. Nitafanya kama sikuona. Rudi ulipokuwa, ukae, uombe. La sivyo jua likizama hilo lori litakuwa majivu, na wewe utakuwa njiani."

"Nikae wapi? Pale, au pale magari yasipopita?"

Mtu alicheka nyuma ya ukuta wa ua, akazibwa mdomo.

"Malaki," Moelagi alisema. Hakupaza sauti. "Nguo zako za Jumapili Nyeupe nilizileta mimi, tangu una miaka minne mpaka ulipokataa kuvaa. Nilisimama kwenye kamba ile kila jioni nikiwa nazo. Juzi nimekupiga mara tatu. La kwanza lilikuwa la mkono ulioshika jiwe. La pili lilikuwa la meno ya mume wangu. La tatu ulikuwa chini, umesema basi, nami nilikusikia."

Kijana alimtazama. Hakuweza kufungua mdomo hata kama alikuwa na la kusema.

"Neno la radhi kwa hilo la tatu nilikuja nalo hapa. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nililibeba chini ya mkeka wa mama yangu nikupe wewe, mkononi mwako. Baba yako akaniambia nisonge, gari lipite."

"Omba!" Sautia alilia kutoka chini. "Moelagi, omba!"

Aliupandisha mkeka vizuri begani.

"Chomeni lori. Chomeni na nyumba. Siombi msamaha. Si kwa la kwanza, si kwa la pili, wala kwa la tatu."